Miezi Aliyoipunguza Angelina

Kabla simu haijafika milimani, mimba za Matombo zilisomwa na mikono ya Angelina. Alimlaza mjamzito mkekani, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, kisha akapima kwa vidole kutoka kitovuni kwenda juu. Hakuwa na mizani, hakuwa na miwani, na hakuwa na haraka. Akimaliza alimfunika mama khanga yake, akamwinamia na kumnong'oneza mwezi sikioni. Hata mume hakuambiwa. Kwa miaka karibu thelathini, watu husema, hakukosea zaidi ya wiki moja, na aliyewahi kulalamika kwamba kakosea ni mke wa katekista mmoja, ambaye alikuwa na sababu zake mwenyewe za kutaka hesabu ivurugike.

Kunong'ona kule hakukuwa adabu tu. Kwetu mimba haihesabiwi hadharani. Ukiulizwa ina miezi mingapi unapunguza miwili: ikiwa mitano unasema mitatu, ikiwa saba unasema mitano. Wazee watakwambia kwamba huo si uongo, ni ukuta. Mwenye jicho baya naye anahesabu, basi mwache ahesabu vibaya. Siku anayoingojea ikifika, wewe umeshajifungua na mwana ananyonya. Kila binti wa Kiluguru huambiwa hivyo angali mwali. Mapadri wamehubiri, manesi wamegomba, watu wakaitikia amina na ndiyo sista, kisha wakaendelea kupunguza.

Serikali ilipokataza wakunga wa jadi wasizalishe tena majumbani, Angelina alinuna wiki mbili. Ya tatu akaanza kuwasindikiza wajawazito kituo cha afya, nusu saa kwa miguu kutoka kwake, akiwabebea beseni na khanga za kumpokelea mtoto. Manesi walimpenda kwa sababu hakuwa mbishi, na kwa sababu akisema "huyu bado" ilikuwa kweli bado. Kitongoji kikamchagua kuwa mhudumu wake wa afya, na miaka miwili iliyopita akakabidhiwa simu.

Ilikuwa simu yenye programu ya akili mnemba. Inauliza maswali kwa sauti ya dada mmoja mpole, na Angelina anajaza majibu: kichwa kinauma, miguu imevimba, presha imesoma ngapi. Halafu inapiga mahesabu yake na kutoa rangi. Kijani, endelea na kliniki. Njano, awahi. Nyekundu, msindikize sasa hivi. Mwanzoni Angelina aliicheka, akaiita mkunga asiye na kiganja. Mpaka ilipompa nyekundu Pili wa kule bondeni, mwanamke aliyekuwa anatwanga na kuimba bila shida yoyote, ila kichwa tu. Angelina alibishana na simu ile kama anabishana na mtu, kisha akamsindikiza Pili huku ananung'unika. Walipofika kituoni Pili alianguka mlangoni kwa kifafa cha mimba. Alipona, mtoto akapona, na tangu hapo Angelina hakuicheka tena.

Kitu kimoja tu simu ile haikuweza kukijua yenyewe: mimba ilianza lini. Ilitaka kuambiwa tarehe, na hesabu zake zote zilisimama juu ya tarehe hiyo. Hapo ndipo wahudumu wa vitongoji vingine walipokwama, maana waliandika walichoambiwa, na walichoambiwa kilikuwa pungufu ya miezi miwili. Angelina yeye alijua. Mama akisema miwili, Angelina alimpapasa kidogo chini ya khanga, akatazama pembeni, akaandika minne. Hakumwambia mwenyewe wala hakumgombeza. Basi simu ya Angelina ikawa haikosei, na hesabu zake zikawa zinasifiwa mpaka mjini.

Kwa watoto wa watu aliandika ukweli. Kwa mwanawe aliogopa.

Alikuwa na watoto watatu. Wavulana wawili walikuwa Mtibwa, Turiani, kwenye mashamba ya miwa, na wameoa huko huko. Wa tatu ni Glory, binti pekee. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ule tunaouita lukolo, na watoto wa kiume hata wakizaa kumi wanawajazia watu wengine nyumba. Mashamba ya migomba na midalasini ya Angelina yalitoka kwa mama yake, na mama yake aliyapata kwa mama yake. Baada ya Angelina alikuwa Glory, na baada ya Glory hapakuwa na mtu. Kaka yake Angelina, mzee Kasimiri, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikuwa akilitaja jambo hilo kila Krismasi, kwa utani, halafu hakuna anayecheka.

Glory aliolewa na Fidelis, kijana mpole anayelima viungo, wakajenga karibu na mama. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka ikiwa na miezi mitano. Watu hawakosi maneno. Kisimani kulikuwa na wanawake wawili waliosema Glory kafungwa kizazi, wengine wakasema wanaosema hivyo ndio waliomfunga. Angelina hakuamini, halafu aliamini, halafu akaenda kuungama kwamba ameamini.

Mimba ya tatu ilianza Julai. Angelina aliijua kabla Glory hajasema, kwa jinsi binti alivyoanza kuchukia harufu ya mdalasini. Akasokota kamba ya mgomba, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na kila mwezi ulipoandama alifunga fundo moja. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya kweli, na waliojua kuisoma ni yeye na Glory tu.

Novemba ilibidi Glory aingizwe kwenye simu. Majina ya waliomo yalikuwa yakisomwa kila mwisho wa mwezi kwenye kikao cha kitongoji, jina na wiki, ili watu wajue nani wa kusindikizwa. Kamba ilikuwa na mafundo manne. Simu ikauliza kwa upole wake, na Glory akamtazama mama yake.

"Niseme ngapi, mama?"

"Sema kama nilivyokufundisha."

"Miwili," Glory akasema.

Angelina akaandika miwili. Alijiambia ni ya kupita tu, kwamba mimba ikishashika vizuri ataisahihisha.

Januari kituo kikaletewa mashine mpya. Ilikuwa kifaa kidogo mfano wa mashine ya kunyolea, kina waya unaoingia kwenye tableti. Sista Yasmin, nesi wa kliniki, alikipitisha juu ya tumbo mara sita, na akili mnemba ikatazama picha na kutaja umri wa mimba yenyewe, bila kumuuliza mtu. Siku hiyo benchi la nje lilikuwa limejaa wanawake, na wale wawili wa kisimani walikuwamo. Kati ya benchi na kitanda palikuwa na pazia tu.

"Bibi Angelina, hebu njoo," Yasmin akaita. "Mashine inaniambia wiki ishirini na sita. Kwenye simu yako umeandika kumi na nane. Nimfuate nani?"

Benchini wanawake wakageuza shingo. Angelina aliingia ndani ya pazia, akaona namba kwenye kioo. Ilikuwa sawasawa. Ilikuwa sawasawa kama mafundo ya kamba yake, na nafikiri hilo ndilo lililomtisha, kwamba kitu kimeingia tumboni mwa mwanawe na kutoka na siri, kisha kikaitangaza.

"Nifuate mimi, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika nje. "Hiyo imekuja juzi, haijatuzoea. Watoto wa ukoo wetu ni wakubwa tangu tumboni."

"Nikiikataa hesabu yake inataka sababu."

"Mpe sababu."

Yasmin akacheka kidogo. Alikuwa na miaka mitatu pale na hajawahi kumkamata Angelina na kosa. Akaandika huku anasoma: imethibitishwa na mhudumu mzoefu. Tableti ikakubali. Benchini mtu akasema, "Mashine gani itamshinda bibi yule," na wanawake wakacheka, na Angelina akatoka kichwa juu. Glory alifunga khanga yake, akamfuata.

Njiani akasema. "Mama, si ungemwambia tu sista?"

"Mbele ya wale? Nitamwambia nikimkuta peke yake."

Nitakuwa mwongo nami nikisema hakumkuta peke yake. Alimkuta mara tatu. Mara ya kwanza walipishana njiani karibu na misheni, wakasalimiana, wakazungumza habari ya mvua. Mara ya pili Yasmin alikuja kununua ndizi, akakaa jikoni kwa Angelina karibu saa nzima, na maneno yakamfika Angelina kooni yakarudi. Mara ya tatu Yasmin alikuja mbio na barua mkononi. Hesabu za Angelina zilikuwa zimeonekana bora kuliko za wahudumu wote wa upande ule wa mlima. Aprili aende mjini, kwenye semina Kilakala, akapewe cheti. Yasmin alimkumbatia. Sasa hapo, mtu anaanzaje kusema kwamba alidanganya? Aibu ya mtu mzima ni nzito, na inapokaa inazidi kuota mizizi.

Aprili, kamba ilikuwa na mafundo tisa na mwezi wa kumi ulikuwa umeshaandama. Fundo hilo la mwisho Angelina hakulifunga. Alitaka asiende. Lakini mimba inayotimia kwa mara ya kwanza aliona huchelewa, semina ni siku moja, atalala kwa ndugu yake wa Bigwa usiku wa kuamkia semina na kurudi ikiisha. Mvua za masika zilikuwa zimeikata kata barabara. Asubuhi ya kuondoka alimshika Glory mikono.

"Uchungu ukianza usingoje. Mwambie sista miezi ya kweli. Mwambie mama amesema."

"Haya, mama. Nenda kachukue cheti chako," Glory akasema, na akatabasamu. Alikuwa anamenya machungwa.

Uchungu ulianza kesho yake alfajiri. Fidelis alimfikisha kituoni kunapambazuka, na mpaka hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri. Tabibu wa zamu, kijana aitwaye Ezekiel, alifungua tableti. Wiki thelathini na moja. Rangi ikawa nyekundu: uchungu kabla ya wakati, mtoto njiti, apelekwe hospitali ya mjini kwenye mashine za kutunzia watoto. Glory akamwambia, "Daktari, hii ni miezi tisa. Imetimia." Ezekiel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshaambiwa tarehe za ajabu na wazazi wengi wenye uchungu. Akamwambia kwa upole, "Dada, aliyeandika hapa ni mama yako mwenyewe. Bibi Angelina hakosei."

Kwa hiyo binti alisema kweli na hakuaminiwa, kwa sababu mama yake hakuwahi kujulikana kwa uongo.

Yasmin alipapasa tumbo lile akaingiwa na mashaka. Akatoka nje, akampigia Angelina. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Kwa jumla alipiga mara nne.

Saa hiyo Angelina alikuwa ameketi mstari wa mbele kwenye ukumbi wa Kilakala, na simu yake iko ndani ya mkoba, imenyamazishwa kama wote walivyoagizwa. Aliitwa jina. Mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti kwamba akili mnemba ni sawa na jiko, ukiipa kuni mbichi utapata moshi, na kwamba mama huyu kuni zake ni kavu. "Takwimu zake haziongopi," akasema. Watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Angelina akapokea cheti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akarudi kukaa. Alitaka kumpigia Fidelis ampe Glory habari. Akatoa simu, akaona jina la Yasmin mara nne.

Alitoka nje na kupiga. Yasmin hapatikani. Akapiga ya kituo, akapokea Ezekiel.

"Tabibu, mimba hiyo imetimia! Ni miezi tisa! Azalie hapo hapo!"

"Bibi, gari limeondoka saa nzima sasa. Nesi Yasmin yumo. Simu yako inasema wiki thelathini na moja."

"Simu imesema nilichoiambia!" Angelina akalia. "Mimi ndiye niliyeiambia!"

Ezekiel akasema atajaribu kumpigia dereva. Walijaribu wote wawili. Ile barabara ina sehemu ndefu zisizo na mtandao, na gari lilikuwa kwenye sehemu hizo. Angelina akapanda bodaboda mpaka geti la hospitali, akasimama. Alisimama kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Mlinzi alimletea kiti, akasema ahsante baba, hakukikalia.

Yaliyotokea barabarani aliyajua baadaye kwa mdomo wa Yasmin, na Yasmin aliyasema mara moja tu. Gari lilikwama kwenye tope kwenye mteremko kabla ya Mkuyuni. Dawa ya kutuliza uchungu waliyompa haikutuliza kitu. Glory alijifungua ndani ya gari, mtoto wa kike, mkubwa, analia kwa nguvu, na kwa dakika chache wote mle ndani walicheka, hata Glory. Kisha damu ikaanza na haikukata. Begi lilikuwa limefungwa kwa ajili ya njiti: kofia ndogo, barakoa ndogo ya hewa, soksi za kuingia kidole gumba. Dawa ya kukata damu ilikuwamo dozi moja. Kule kituoni, kwenye friji, lilibaki boksi zima. Yasmin aliminya tumbo kwa mikono miwili mpaka misuli ikamfa ganzi, huku dereva na Fidelis wanasukuma gari. Glory aliuliza mara moja kama mama ameshapewa cheti.

Gari lilipofika getini, Yasmin ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alikuwa amembeba mtoto kwenye kitenge. Angelina alimtazama usoni akaelewa, na hakupiga kelele. Alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akampima kwa viganja kama alivyopima watoto wote.

"Kilo tatu na nusu," akasema. Mizani ya hospitali nayo ilisema hivyo hivyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Angelina vyote viwili vilikuja siku moja, katika gari moja.

Glory alizikwa juu, karibu na migomba ya bibi yake. Kasimiri alisimama kama msemaji wa ukoo, akasema lukolo limebaki na mtu mmoja na mtu huyo hajaota jino, akashindwa kuendelea. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina, Faraja. Angelina alichukua wiki nyingi kabla ya kuweza kulitamka.

Na watu wakapata wa kumlaumu. Mashine. Mashine imemuua Glory, wakasema kisimani, mashine imesema ni njiti na mtoto alikuwa jitu zima la mtoto. Wanawake wakaacha kujibu maswali ya simu. Mdogo wake Pili yule wa bondeni, mjamzito aliyekuwa na miguu iliyovimba, alimfungia Angelina mlango akasema kupitia dirishani, "Shikamoo bibi, pole sana, lakini hicho kitu chako sikitaki." Ezekiel hakusema aliyoyasikia siku ile kwenye simu. Yasmin hakuuliza. Watu walikuja kumpa pole Angelina, wakamwambia, "Bibi, ungeachiwa mikono yako haya yasingetokea," na yeye akaitikia. Ewe Angelina! Aliitikia. Miezi miwili alikaa na maneno hayo, anamlea mjukuu kwa maziwa ya kopo, analala na kuamka nayo. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye alikuwa ameshakula na wa kwake, na sasa alikuwa anaelekea kuwalisha majirani.

Tarehe ishirini na mbili Juni, asubuhi, alikuwa anamwogesha Faraja kwenye beseni. Simu ikalia mezani. Dada yule mpole akasema, "Leo ni tarehe ya matazamio ya Glory. Wiki arobaini zimetimia. Je, Glory ameanza kusikia uchungu?"

Angelina alisimama na sabuni mikononi. Kwa simu ile Glory alikuwa bado mzima. Hakuna aliyemfunga kwenye orodha, maana wa kumfunga ni mhudumu wake. Kwa siku sitini na mbili ilikuwa imeendelea kumhesabia wiki, moja baada ya nyingine, kwa uaminifu, ikimngoja.

"Je, Glory ameanza kusikia uchungu?" ikauliza tena.

Alimkausha mtoto, akambeba mgongoni. Akaenda nyuma ya mlango, akaitungua ile kamba. Akashika njia ya kituoni.

Ilikuwa siku ya kliniki, ingawa benchi lilikuwa na watu wachache kuliko zamani, na wengi walikuwa wamekuja na watoto kwa chanjo. Mdogo wake Pili alikuwa amekaa mwisho kabisa, kaletwa na dada yake kwa nguvu. Wale wawili wa kisimani walikuwapo. Angelina hakuingia ndani ya pazia. Alimwita Yasmin atoke na tableti.

"Nifungulie mahali pa tarehe ya Glory. Nataka kuisahihisha."

"Bibi." Yasmin alishusha sauti. "Haitamrudisha. Nitamfunga mimi, wewe usijitese."

"Fungua, mwanangu. Hapa hapa."

Akaiweka kamba juu ya benchi, akainyoosha ili wote waione. "Haya ni mafundo tisa," akasema, na sauti yake ilifika hadi mwisho wa benchi. "La kwanza ni la mwezi wa saba. Mwanangu alikuwa na miezi minne nikaandika miwili. Wote mnajua kwa nini, maana wote mnapunguza. Sista aliniuliza hapa hapa, mbele yenu. Mashine ilikuwa imesema kweli. Mimi ndiye niliyesema inaongopa, nanyi mkacheka, nami nikafurahi. Mashine haikumuua Glory. Mimi niliipa uongo, na ule uongo ukampandisha garini."

Hakuna aliyesema pole. Yasmin akabonyeza, akampa Angelina aandike mwenyewe. Angelina aliandika tarehe ya Julai kwa kidole kimoja, taratibu. Tableti ikapiga hesabu upya kuanzia mwanzo, ikafika siku ile ya Aprili Glory alipopokelewa pale. Wiki arobaini. Rangi ikawa kijani. Dada yule mpole akasoma ushauri wake kwa sauti: "Mimba imetimia. Mama ajifungulie kituo cha afya kilicho karibu."

Angelina aliinua macho, akatazama mlango wa chumba cha kujifungulia. Ulikuwa hatua kumi hivi kutoka alipokuwa amesimama, umepakwa rangi ya bluu, na uko wazi.

Likabaki swali moja. Je, mama yu hai? Yasmin alinyoosha mkono ili amsaidie, Angelina akautoa mkono ule kwa upole. Akabonyeza hapana. Jina la Glory likatoka kwenye orodha, na la chini yake likapanda juu.

Alikaa benchini. Faraja akaamka mgongoni, akaanza kutafuta titi. Mdogo wake Pili alisogea, akamtoa mtoto kwenye mbeleko, akampakata.

"Ana muda gani sasa?" akauliza, halafu akajutia, kwa sababu hata umri wa kichanga kwetu huwa hauulizwi hivyo, na akiulizwa mlezi hupunguza.

"Miezi miwili na siku moja," Angelina akasema. "Hiyo miwili ndiyo niliyoipunguza."